Nani Amjibu Mwanakisomo?

Ndugu zangu wa Bugembe, nanyi mliotoka Kakira, Iganga na Mbale. Na hasa nyinyi wanakisomo mlioketi nyuma kabisa. Sogeeni mbele, nafasi ipo, na mada hii ni yenu kabla haijawa ya mtu mwingine.

Nimeombwa niseme juu ya kupima kazi ya elimu ya watu wazima na kuwajibishana ndani yake. Najua maneno hayo yakitamkwa mwalimu wa kujitolea hujikunyata, maana amezoea kuwa anayekuja kupima amekuja kutafuta makosa. Basi niweke wazi tangu sasa ninachokishikilia. Vipimo tulivyo navyo vinapanda tu. Vinatoka darasani chini ya mwembe, vinapita kwa afisa wa gombolola, vinaingia wilayani au jijini, vinafika wizarani Kampala, na pengine vinavuka bahari kwenda kwa mfadhili. Kushuka havishuki. Yule aliyepimwa hajibiwi, na akiuliza vitabu viko wapi, au kwa nini darasa limefungwa wiki tatu, hakuna daftari ambamo swali lake linaandikwa. Huo ni uwajibikaji nusu, na kwa maoni yangu nusu iliyokosekana ndiyo nzito zaidi.

Daftari la mahudhurio mnalijua. Ni kitabu kirefu chenye mistari. Majina upande wa kushoto, kisha vijisanduku vya tarehe, alama ya vema kwa aliyekuja, mkwaju kwa asiyekuja. Mwisho wa muhula mwalimu anajumlisha: walioandikishwa, wanawake kadhaa, wanaume kadhaa, wanaohudhuria, walioacha. Hesabu hizo huhamishiwa kwenye fomu, fomu ikaenda zake. Kwa madarasa mengi huo ndio upimaji wote unaofanyika kwa uhakika mwaka mzima.

Sasa kuna mama mmoja wa upande wa Wanyange, mkulima wa miwa na mweka hazina wa kikundi cha akiba. Aliingia darasani akitaka mambo mawili: kuacha kuweka kidole gumba, na kukihesabu kisanduku cha kikundi bila kumwita mtoto wa jirani. Alikuja miezi saba. Alipoweza yote mawili, na msimu wa palizi ulipofika, hakurudi. Mbele ya jina lake pameandikwa “ameacha”. Mistari miwili chini yake yuko mzee mmoja mwenye vema karibu kila siku, mtu mwema anayependa mazungumzo ya darasani, ambaye bado hawezi kusoma bango la zahanati. Yeye ameandikwa “anahudhuria”. Fomu ilipopanda juu, mama yule alihesabiwa hasara na mzee yule faida. Mwalimu hakudanganya hata kidogo, alijaza alichoulizwa. Kosa liko kwenye swali.

Msidhani nadharau mahudhurio. Darasa lisilo na watu si darasa. Lakini mtu mzima si mtoto wa shule anayetakiwa kukaa hadi kengele ya mwisho. Anakuja na haja yake, na ana haki ya kuondoka haja ikiisha. Safu ya “walioacha” ingegawanywa mara mbili tu, walioondoka wakiwa wamepata walichokifuata na walioondoka wakiwa wamekata tamaa, tungejua mambo ambayo miaka yote hii hatujayajua. Safu hiyo ya pili ndiyo ingetuambia pia kwa nini: ada ya kikundi, mume aliyekataza, lugha isiyoeleweka, matusi ya mwalimu, au kukosa taa.

Kisomo tulicho nacho leo kina historia ndefu. Serikali ya Uganda ilianzisha kampeni ya kisomo mwaka 1964, kisha miaka ya misukosuko ikaidhoofisha. Mwaka 1992 kazi ilianza upya kwa majaribio katika wilaya 8, na jirani zetu wa Iganga walikuwa miongoni mwao. Ndipo likaja jina la FAL, kisomo chenye manufaa, ambacho hakimfundishi mtu herufi tupu bali herufi pamoja na kilimo, afya na biashara ndogo. Mwaka 2000 mataifa yalikutana Dakar yakaahidi kuinua kisomo cha watu wazima kwa asilimia 50 ifikapo 2015. Sisi tukajiwekea haraka kubwa zaidi: mpango mkakati wa taifa ulioanza mwaka wa fedha 2002/03 ulitaka kupunguza kwa nusu idadi ya wasiojua kusoma ndani ya miaka mitano. Baadaye ukaja mpango wa ICOLEW, unaounganisha kusoma na vikundi vya akiba na kuongeza kipato, na Iganga tena ilikuwa kati ya wilaya za mwanzo, pamoja na Namayingo.

Zingatieni pia kwamba kisomo cha watu wazima nchini kwetu kiko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, si Wizara ya Elimu. Mtoto wa shule ya msingi ana mkaguzi, ana baraza la mitihani, ana matokeo yanayotangazwa redioni mpaka kijiji kizima kikajua. Mama yake anayesoma jioni hana lolote kati ya hayo. Kuna mitihani ya umahiri mwisho wa hatua, ndiyo, lakini muulizeni mwanakisomo aliyeifanya kama alirudishiwa karatasi yake aone alipokosea.

Je, kitaifa tunajuaje wangapi wanasoma? Sensa ya 2014 ilisema takriban asilimia 72 ya watu wa Uganda wenye umri wa miaka 10 na zaidi wanajua kusoma na kuandika. Nawaheshimu watakwimu wetu, lakini fikirini namba hiyo inavyopatikana. Karani anafika mlangoni, anamkuta mmoja wa watu wa nyumba, anauliza kama fulani anaweza kusoma na kuandika kwa kuelewa katika lugha yoyote. Anayejibu anajibu kwa niaba ya wote. Hakuna karatasi inayotolewa ili mtu asome. Na ni nani atakayemwambia mgeni mwenye kitambulisho cha serikali shingoni kwamba baba mwenye nyumba hajui?

Wakenya waliwahi kuchukua njia ngumu zaidi. Mwaka 2006 walifanya uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima ambao haukuridhika na neno la mdomo. Watu walipewa maandishi wayasome na hesabu wazikokotoe, tena kwa lugha 18. Makadirio yaliyotangulia, yaliyotegemea watu kujieleza wenyewe, yalikuwa yanapita asilimia 70. Mtihani ulipofanyika, waliojua kusoma walikuwa asilimia 61.5. Na waliofikia kiwango cha umahiri kinachotakiwa, yaani wale ambao kusoma kwao kunaweza kujitegemea na kuendelea, walikuwa asilimia 29.6 tu. Kati ya namba hizo mbili za mwisho kuna mamilioni ya watu wanaoweza kuisoma sentensi lakini hawawezi kuitumia. Hapa Busoga nao wapo tele.

Na sisi tumewahi kujipima vizuri. Mwaka 1999 mpango wa FAL ulifanyiwa tathmini kubwa ikiongozwa na Anthony Okech wa Makerere na wenzake, na matokeo yake yakachapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2001. Waliwatahini wahitimu wenyewe kwa kusoma, kuandika na hesabu, wakawalinganisha na watoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi. Wahitimu hawakuaibika hata kidogo mbele ya watoto wale waliokaa shule miaka mitatu minne, na gharama ya kumfundisha mtu mzima mmoja ilikuwa ndogo sana. Habari njema hiyo ilistahili kutangazwa kila parokia na kila msikiti.

Lakini tathmini hiyo ilifichua jambo jingine ambalo naona hatujalitafuna ipasavyo. Wengi wa wanakisomo walikuwa wamewahi kukaa shule utotoni. Walifika darasa la pili, la tatu, ada ikakosekana au mimba ikaingia, wakaacha. Maana yake ni kwamba darasa la FAL mara nyingi halianzi na mtu mtupu. Linaanza na mtu mwenye vipande. Kama hukumpima siku ya kwanza, utakapompima siku ya mwisho hutajua kipi ni chako na kipi alikuja nacho. Mwalimu mzuri aliyepata watu wasiojua kabisa ataonekana mbovu, na mwalimu mzembe aliyebahatika kupata watu wa darasa la nne atapewa cheti. Kwa hiyo nikiruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa wizara, ningeomba kipimo cha siku ya kwanza: nusu saa, karatasi moja, mtu na mwalimu wake.

Hapa lazima niseme kuhusu Tanzania, kwa sababu hakuna nchi ya ukanda huu iliyopima watu wazima kwa ukubwa ule. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kabla ya hapo, kuanzia 1968, Mwanza na mikoa jirani ya Ziwa ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa UNESCO, uliotunga vitabu vya kusomea kwa kufuata kazi za watu: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Kisha kampeni ikaenea nchi nzima. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kitaifa. Walioandikishwa walikuwa milioni 5.2 hivi, na waliokaa kuufanya milioni 3.8. Hebu pigeni picha: karibu watu milioni nne, wengi wao bibi na babu wenye mikono ya jembe, wamekaa kwenye madawati ya watoto wao na penseli mkononi. Mitihani ikarudiwa 1977, 1981, 1983 na 1986. Kulikuwa na madaraja manne, na aliyefika daraja la tatu ndiye aliyehesabiwa kuwa amejua kusoma. La nne lilikuwa la yule anayeweza kukitumia kisomo katika shughuli zake za kila siku. Mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Mwaka 1986 tangazo lilisema waliosalia ni asilimia 9.6.

Halafu sensa ya 2002 ikakuta wanaojua kusoma, kwa umri wa miaka 15 na zaidi, ni kama asilimia 69. Imekuwaje? Sehemu ya jibu ni kwamba rula zenyewe ni tofauti, na umri uliohesabiwa si uleule. Sehemu nyingine inauma. Fedha zilipokauka miaka ya themanini, madarasa yalifungwa, magazeti ya vijijini yakapungua, na aliyesoma bila cha kusoma akasahau. Katika miaka ya tisini Tanzania yenyewe ilijirekebisha kwa MUKEJA, mpango ulioanza majaribio 1993, ambamo wanajamii hujadili kwanza shida zao ndipo wapange wasome nini. Wapo wanaoitumia habari ya 2002 kuibeza kampeni ya Nyerere. Mimi siungani nao. Ilifanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya: ilimheshimu mtu mzima kiasi cha kumpa mtihani wa taifa, na ilimkabidhi kila mwanakisomo daraja lake mwenyewe. Ilipungukiwa upande wa kurudi baadaye kuuliza kama kisomo bado kipo. Tukipima siku ya kuhitimu peke yake, tumepima sherehe.

Kwa hiyo kipimo chetu kiwe kipi? Niwape mfano wa hapa hapa, maana ukisimama barabara kuu ya Iganga malori ya miwa yanapita mbele yako kwenda Kakira mchana kutwa, na mkulima mdogo anayeuza miwa hurudi nyumbani na risiti ya mzani. Chukueni karatasi ya namna hiyo. Namba nitakazotaja ni za zoezi tu. Juu pana tarehe na namba ya lori. Chini yake: lori likiwa limejaa, kilo 21,480. Lori likiwa tupu, kilo 9,260. Mstari unaofuata umeachwa wazi. Mwanakisomo atoe, apate kilo 12,220, aziandike kama tani 12.22. Bei iwe shilingi 120,000 kwa tani. Atapata shilingi 1,466,400. Kisha makato: kukata na kupakia shilingi 15,000 kwa tani, usafiri shilingi 20,000 kwa tani. Jumla ya makato ni shilingi 427,700. Mkononi inabaki shilingi 1,038,700.

Angalieni karatasi hiyo moja imebeba nini. Ina kusoma maneno, tena mengine yamefupishwa. Ina namba kubwa, desimali, kuzidisha na kutoa. Ina uamuzi, kwa sababu swali la mwisho linaandikwa hivi: “Ukipewa fedha pungufu ya hapo, utamwambia nani, na utaandika nini?” Anayeweza kuandika sentensi mbili za malalamiko, zenye tarehe na kiasi, zikaeleweka na karani asiyemjua, huyo kwangu ni msomi wa daraja la nne. Sihitaji kumuuliza herufi.

Kwa ndugu zetu wa Mbale risiti itakuwa ya kahawa. Chama cha Ushirika cha Bugisu kimekuwapo tangu 1954, na watu wa mlima Elgon walianza kubishana juu ya mizani na daraja la kahawa zamani kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Kwa mvuvi wa Masese itakuwa hesabu ya samaki na mafuta ya injini. Kwa mama mwenye mimba itakuwa kadi ya kliniki. Na kwa karibu kila mtu siku hizi kuna fomu ya mpango wa maendeleo wa parokia, ule uliozinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022: shilingi 1,000,000 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Watu wanatia sahihi au kidole gumba kwenye karatasi hiyo. Nani kawauliza kama wanajua kwamba asilimia 6 ya milioni moja ni shilingi 60,000, na italipwa lini? Hapo pangekuwa na mtihani mzuri sana wa FAL, wa dakika kumi, na faida yake ingeonekana ndani ya mwaka huohuo.

Lugha isemwe waziwazi kwenye karatasi. Bugembe ni mji wa mchanganyiko. Katika darasa moja utakuta Lusoga, Luganda, Lumasaaba, Ateso na Kiswahili cha sokoni. Mtu anayesoma Kiswahili kwa ufasaha asiandikwe kuwa hajui kwa sababu alipewa karatasi ya Lusoga. Na serikali nayo ipimwe kwa upande wake: katika parokia hii kuna nini cha kusoma katika lugha ya watu? Kituo cha utafiti wa utamaduni kilichoko Jinja kimechapa vitabu vya Lusoga. Vingapi vimefika kwenye madarasa yetu ya jioni? Hicho nacho ni kipimo, na mwanakisomo anaweza kukihesabu mwenyewe kwa kidole.

Nataka kutahadharisha kuhusu kipimo kimoja ambacho kinapendwa mno sasa, nacho ni kipato. Kwa kuwa mpango mpya wa ICOLEW umeunganishwa na kutafuta mali, iko hamu ya kusema darasa zuri ni lile ambalo watu wake wametajirika. Natamani watajirike. Lakini bei ya miwa inashuka, kahawa inaingiwa na ugonjwa, mvua inakataa, na hakuna mwalimu wa kisomo anayeamuru mvua. Ukilihukumu darasa kwa mfuko wa wanakisomo wake, utalifunga mwaka wa ukame, mwaka ambao watu wanalihitaji kuliko wakati wowote. Ulizeni badala yake kama mkulima alijua hasara imetoka wapi, na kama aliweza kuiandika.

Tahadhari ya pili inatoka kwa nchi tajiri. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1998 iliyofungamanisha fedha za elimu ya watu wazima na matokeo, na kuanzia mwaka 2000 kila jimbo likawa linatuma hesabu za wanafunzi waliopanda ngazi, waliopata kazi, waliopata cheti cha sekondari. Si jambo baya kudai matokeo. Hatari yake ni kwamba mwenye programu anayeogopa kunyimwa fedha atamfungulia mlango yule atakayepanda ngazi upesi, na bibi asiyejua hata kushika kalamu ataambiwa arudi muhula ujao. Mwaka huohuo wa 1998 mtafiti mmoja, Juliet Merrifield, aliandika kwamba uwajibikaji katika kazi hii hauna budi kuwa wa pande zote: mwanafunzi kwa mwalimu, mwalimu kwa mwanafunzi, programu kwa mfadhili, na mfadhili kwa programu. Nikiyasoma hayo huwa nawaza mabaraza yetu ya kijiji, ambako jambo hilo lingeeleweka bila utafiti.

Tena hapa Uganda jambo hilo limewahi kufanyika. Kati ya 1993 na 1995 shirika la ActionAid lilijaribu huko Bundibugyo njia iliyoitwa Reflect, sambamba na majaribio ya Bangladesh na El Salvador. Madarasa yale hayakuwa na kitabu cha kusomea. Wanakisomo walichora ramani ya kijiji chao chini, kwa mbegu, vijiti na majivu, wakachora kalenda ya njaa na ya magonjwa, kisha maneno ya kujifunza yakatoka kwenye michoro hiyo. Walipotathmini, hawakuishia kwenye mtihani wa kusoma. Waliangalia nani sasa anasema mkutanoni, nani amechaguliwa kwenye kamati, nani amepeleka watoto shule. Na hapa mashariki, shirika la LABE liliwaingiza wazazi wa Bugiri darasani pamoja na watoto wao, kwa hiyo mzazi akaweza kuona kwa macho yake kama daftari la mwanawe linasahihishwa. Mzazi huyo ni mkaguzi ambaye shule haikuwahi kuwa naye.

Sasa nifike kwenye ile nusu iliyokosekana. Napendekeza kila darasa, mara mbili kwa mwaka, lisomewe hesabu zake mbele ya wanakisomo wote, mwenyekiti wa LC1 wa kijiji na afisa maendeleo ya jamii wakiwapo. Hesabu ziwe za pande mbili, kwenye karatasi moja. Upande mmoja: wangapi walianza wakiwa ngazi gani, wangapi sasa wanaweza risiti, kadi au fomu, wangapi wameondoka na kwa nini. Majina yasisomwe, mtu mzima ana wakwe zake pale, na aibu ya dakika moja inaweza kumfukuza maisha. Kila mmoja apewe karatasi yake mkononi, kwa faragha. Upande wa pili: chaki zilizoahidiwa na zilizofika, vitabu vilivyoahidiwa na vilivyofika, ziara za afisa, semina ya mwalimu, na posho ya mwalimu, tarehe ilipotakiwa na tarehe ilipolipwa.

Nasisitiza posho kwa sababu ndipo haki inapovunjika. Walimu wengi wa FAL ni watu wa kujitolea. Baadhi walipewa baiskeli, baadhi wanapata posho ndogo isiyo na uhakika, na wako waliofundisha miaka kumi kwa shukrani tu. Mwanamke anayeacha shamba lake alasiri mbili kwa wiki, akanunua chaki kwa fedha ya nyanya zake, halafu mgeni akaja na gari akamuuliza kwa nini wanakisomo wake hawafiki asilimia fulani! Siwezi kuliita hilo uwajibikaji. Mtu apimwe kwa kile alichopewa. Karatasi yenye pande mbili inamlinda mwalimu, kwa sababu inaonyesha alifundisha watu thelathini kwa vitabu vinne.

Najua pingamizi zitakazokuja. Afisa wa gombolola atasema ana madarasa mengi na pikipiki moja. Ni kweli. Basi kipimo cha siku ya kwanza akifanye mwalimu, na kile cha mwaka mmoja baada ya kuhitimu kifanywe kwa watu wachache watakaochaguliwa kwa kura kutoka kwenye daftari, kumi kwa kila darasa, afisa akiwafuata majumbani. Si lazima wote wapimwe ili ukweli ujulikane. Mpango wa Uwezo, ulioanza 2009, ulipita majumbani kuwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda, ukitumia vijana wa kujitolea na karatasi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na serikali zetu zote tatu zikasikia. Kwa watu wazima hatujafanya hata robo ya hilo.

Wapo pia watakaosema tukiwapa wanakisomo hesabu za posho na chaki tutaleta ugomvi kijijini. Huenda. Nimeona ugomvi wa aina hiyo katika vikundi vya akiba, ambako kila Jumapili fedha zinahesabiwa hadharani, funguo tatu kwa watu watatu, na mwanachama yeyote anaweza kusema “rudia kuhesabu”. Hurudiwa. Vikundi hivyo havijavunjika kwa sababu ya kuhesabu; vilivyovunjika ni vile ambavyo daftari lilibaki nyumbani kwa mtu mmoja. Wanakisomo wetu ndio haohao wanachama. Tayari wanajua kudai hesabu, ila kwenye elimu yao wenyewe hatujawahi kuwaonyesha daftari.

Tunaweza kuanza kesho, tukitaka, bila kumsubiri mtu. Mwalimu yeyote aliyemo humu anaweza kuomba risiti moja ya mzani kwa mkulima, kulifunika jina, kuinakili ubaoni na kuacha mstari wa tofauti wazi. Viongozi wa divisheni mna ukuta wa matangazo pale ofisini. Nafasi ya karatasi moja ya kila darasa ipo. Na ninyi wanakisomo, muhula ujao mkipewa fomu ya kutia sahihi, ombeni kwanza msomewe ilivyojazwa na mwalimu, kisha ulizeni inakwenda kwa nani na jibu litarudi lini. Maswali yenu nitayapokea sasa, na ningependa mkono wa kwanza utoke nyuma.